Skrubu Nyuma ya Dashibodi

Juzi swichi ya jikoni kwangu Buhongwa ilipiga shoti, harufu ya mpira unaoungua ikajaa nyumba nzima. Wajukuu walikimbilia nje. Mimi nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, maana harufu ile ilikuwa imenirudisha kwenye karakana ya baba, karibu na stesheni ya reli, miaka ile kabla ya uhuru.

Usidhani ni karakana ya maana. Yalikuwa mabati machache juu ya nguzo, yameegemea jiwe kubwa kama nyumba, mawe yetu haya ya Mwanza. Nilikuwa na miaka kumi, na kila mchana nilimpelekea baba ugali wa mtama na furu wakavu, samaki wadogo wa ziwani, au michembe, vile viazi vya kukausha, bibi akiwa ameipika kwa karanga. Kiwanda cha kuchambua pamba kilinguruma kutwa hadi ukakizoea, ukashtuka siku kikinyamaza. Baba alikuwa fundi umeme wa magari. Hakuwahi kutuchapa hata siku moja.

Kaka wa mama, mjomba wangu, alikuwa dereva wa mzungu mmoja mnunuzi wa pamba. Gari lao lilikuwa jeusi, la kizamani hata kwa wakati ule, na mwenyewe alilipenda kuliko watu. Basi siku moja mzungu akawasha taa za dashibodi, moshi ukafuka. Kwa kuwa wiki ile alikuwa amemkuta mjomba na kadi ya chama cha kudai uhuru, akaamua kwamba mjomba amekata nyaya makusudi. Akamchapa kiboko mbele ya wakulima waliopanga foleni ya mizani, mpaka shati likagandana na mgongo. Kisha akamleta kwa baba, na gari, ili fundi athibitishe.

Nilifika na kikapu changu wakati mzungu anaeleza. Mzungu alisema, baba akimwonyesha waya uliokatwa, malori yake yote ya pamba yatatengenezwa pale. Watu walishaanza kukusanyika. Mjomba alisimama juani, nzi wanamtua mgongoni, na hakunitazama.

Baba alitoa fyuzi iliyoungua, mahali pake akaunganisha balbu yenye nyaya mbili. Mimi kazi hiyo niliijua: balbu ikiwaka kwa nguvu, umeme unavujia kwenye bodi ya gari; ukiupata waya mbaya na kuutenga, balbu inazima. Ikawaka kwa nguvu. Baba akalala chali chini ya usukani, akachomoa taa za dashibodi moja moja, zote, balbu bado inang'aa. Kosa basi lilikuwa kwenye waya wenyewe. Nikaomba izime, tena nikaomba isizime, kwa kuwa sikujua itakuja kusema nini juu ya mjomba. Baba akapeleka vidole nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara, akalegeza skrubu yake. Balbu ikazima.

Skrubu ilikuwa ndefu mno, ncha yake imetoboa waya. Baba akaishika juu kila mtu aione, akauliza ni nani aliyefunga kisahani kile. Mjomba akasema, taratibu, kwamba bwana alikifunga mwenyewe Jumapili.

"Waya haukukatwa, Bwana," baba akasema. "Ni skrubu yako."

Mzungu alimpiga ngumi ya mdomo. Baba akaangukia betri, na alipojaribu kuinuka akapigwa teke la mbavu, kisha jingine. Hapo mjomba akachukua hendeli ya kuwashia gari. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa mzungu, nikausikia mfupa. La pili lilimpata bega. Nami niliyefundishwa kusema shikamoo kwa kila mkubwa nilikuwa nikipiga kelele, "Mpige tena, mjomba, mpige!" Baba, mdomo wake umejaa damu, alitambaa akamkumbatia miguu mjomba akimsihi aache.

Askari walimpiga mjomba virungu hadi akazimia. Akafungwa miaka mitatu. Baba hakuletewa tena gari, akageukia kutengeneza baiskeli. Bibi alikuwa akisema, ngumi ya mnyonge hulipwa mara mbili. Uhuru ulipofika, ngoma zilirindima mji mzima, lakini sisi hatukutoka, mama akisema hachezi hadi kaka yake arudi.

Alirudi, sikio moja limekufa. Baba alishindwa kumtazama. Mwishowe akamwambia, "Shemeji, nisamehe. Ningedanganya, ungefukuzwa kazi tu."

"Ungedanganya," mjomba akasema, "ningekupiga wewe."

Wakacheka hadi bibi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Wote wameshazikwa. Lile jiwe limepasuliwa kokoto, kiwanda kimenyamaza, na fundi wa leo hana subira ya kuufuata waya hadi mwisho. Anang'oa nyaya zote anaweka mpya. Watoto wakiniuliza habari za zamani huwasimulia michembe na ngoma za uhuru. Siwaambii kwamba nilisikia mfupa wa mtu ukivunjika nikiwa na miaka kumi, na kwamba katika utoto wangu wote sikuwahi kufurahi kama siku ile.