Kitanda Kilichopita Ukutani

Kitanda cha Mzee Omari kilionekana na watu wa kijiji chetu cha Vitongoji waliojaa darasani, wanaume mbele na wanawake nyuma, wakati kitanda chenyewe kilikuwa ndani ya ghala lake, mlango una kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa kanzu yake. Aliyekitoa nje ni mimi. Sikuvunja kufuli wala sikupita dirishani. Nilikitoa kwa hesabu, na hesabu yenyewe nilikuwa nimeikagua na kuisifu, jambo ambalo nikilikumbuka navuta mtandio mpaka machoni, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nianze mwanzo, maana nikisimulia ovyo nitaonekana mjinga kuliko nilivyokuwa.

Shuleni kwetu tuna kompyuta moja. Ilikuja na kioo cha rangi na kitabu kinene cha maelezo, na kwa kuwa mimi nasomesha hesabu nikakabidhiwa mimi. Umeme ukiwepo tunaiwasha, ukikatika tunaifunika kitambaa. Mwanafunzi aliyeielewa haraka kuliko wote (na kuliko mwalimu wake, sifichi) ni Zuwena binti Omari, naye amepata nafasi ya kwenda kuisomea Unguja. Mama yake, Bi Raya, alikubali siku ile ile aliposikia. Baba yake, Mzee Omari, mkulima wa mpunga asiyependa maneno mengi, hakukubali wala hakukataa. Zuwena ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Kila aliyemuuliza barazani alipewa jibu moja: "Mie na mama yake tu kitu kimoja. Tunatazama."

Nilipomwendea mimi akaongeza kidogo.

"Mwalimu, hiyo mashine siijui. Nionyeshe ndani yake kitu ninachokijua mie, halafu ntasema."

Nikafikiri usiku na mchana ni kitu gani Mzee Omari anakijua bila shaka yoyote, nikaona ni nyumba yake, aliyoisimamisha kwa mikono yake mwenyewe, mawe, udongo na chokaa. Basi nitaichora.

Kompyuta haijui nyumba. Inajua nukta. Wewe unaipa pembe za nyumba kwa namba, kulia kiasi gani, juu kiasi gani, mbali kiasi gani, nayo inaziunga kwa mistari, na mistari yenyewe ukiisogelea ni ngazi ngazi. Shida ni kwamba inachora mistari yote, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo nyumba inatoka kama dema la kuvulia samaki, unaona mpaka upande wa pili. Kitabu kilikuwa na dawa yake: kila ukuta uujaze rangi, anza kupaka ulio mbali kabisa, halafu unaofuata, mpaka umalizie na ulio karibu na macho, na cha mbele kitafunika cha nyuma. Kujua kipi kiko mbali na kipi kiko karibu, unatafuta katikati ya kila kitu, unapima umbali wa hiyo katikati mpaka kwa mtazamaji. Nikasoma, nikaona ni jambo la haki kabisa.

Nikaenda kupima. Kwa kuwa mimi ni mwanamke, Bi Raya alinipitisha ukumbini mpaka ndani, ambako mgeni wa kiume hafiki, akaniachia nyumba akaenda jikoni kunitengenezea chai. Nikapima kuta, milango, mapaa. Nikapima kitanda cha samadari cha Bi Raya, kabati na meza ya mtungi. Nikaingia ghalani, pale pembeni upande wa barabara (siku ile mlango ulikuwa wazi, mpunga ukitolewa), nikapima magunia na kitanda kidogo cha kamba kilichokuwa kando yake, kimetandikwa shuka safi. Sikuuliza kitanda kilichotandikwa kinafanya nini ghalani. Mimi ni mtu wa kuandika ninachokiona, na tabia hiyo nilikuwa nikijivunia.

Zuwena ndiye aliyeshtuka tulipokuwa tunaingiza namba.

"Mwalimu, vya ndani vya nini? Si havitaonekana?"

"Ndiyo maana naviweka," nikamjibu, kwa sauti ya mtu mwenye akili. "Kama ndani hamna kitu, tutajuaje kuwa kuta zinaficha?"

Akaendelea kuingiza namba. Mtoto mwenye adabu hambishii mwalimu. Na huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza, kwa sababu mtu mwingine yeyote angechora kuta nne na paa akaenda zake, lakini mimi nilitaka kuta zenye kazi.

Tukaijaribu, nyumba ikitazamwa kutoka mbele, sawasawa na baraza. Ikatoka safi. Samadari haionekani, magunia hayaonekani, kitanda cha kamba hakionekani. Nikamwambia mwalimu mkuu aite wazazi.

Wakaja Jumapili baada ya sala ya alasiri. Tulitundika kanga madirishani ili kioo kionekane. Mzee Omari alikaa mbele kabisa, kanzu imepigwa pasi, ubavuni kwake jirani yake Mzee Faki, ambaye hajawahi kuliona jambo akaliacha lipite bila neno. Nyuma, Bi Raya alikaa na Bibi Mize, mama yake Mzee Omari, kikongwe ambaye masikio yamepungua lakini macho yako pale pale.

Nikawasha. Nyumba ikaanza kujichora, taratibu, kwa sababu mashine yetu haina haraka: ukuta wa nyuma, kuta za vyumba, ukuta wa mbele, mlango, mwisho paa. Mzee Omari akaegemea mbele.

"Ule ufa wa dirisha mbona haupo?" akauliza.

"Huo sikuuweka, Mzee."

"Lakini ni yenyewe," akasema, na mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona akicheka kwa meno. "Ndiyo nyumba yangu hii, yakhe Faki. Mwalimu, inaweza kugeuka? Nataka kuiona kutoka barabarani, pale pembeni, ninapotokea shamba."

Inaweza, nikasema, tena kwa furaha, maana kuigeuza ni kubadili namba chache tu. Pembeni yupo Zuwena, ananitazama mimi na kumtazama baba yake, na nilijua anachowaza, kwamba leo jibu linatoka. Nikabadili namba.

Ukuta wa nyuma ukapakwa. Samadari ikapakwa, ikafunikwa. Ukuta mrefu wa mbele ukapakwa, mweupe, mzuri. Halafu, juu ya ule ukuta mweupe, ukatokea mguu wa kitanda. Kisha mguu wa pili. Kisha ubao wa kichwani, na mwisho shuka, ambayo mimi kwa upumbavu wangu nilikuwa nimeipa rangi ya buluu ya kupendeza.

Hesabu ilikuwa imefanya nilivyoiamuru. Ukuta ule ni mrefu, na ukisimama pembeni, katikati yake iko mbali. Kitanda ni kidogo na kiko kwenye pembe ya karibu, kwa hiyo katikati yake iko karibu zaidi. Mashine ikaona kitanda kiko mbele ya ukuta, ikakipaka baadaye. (Haya nimeyajua kesho yake. Pale pale nilijua tu kwamba kitanda kiko nje.)

"Hicho nini?" akauliza Mzee Faki. "Mmeanza kulala barabarani?"

Watu wakacheka, cheko la kawaida tu, na lingeishia hapo.

"Ni cha ghalani," nikasema. Sijui nani aliniuliza.

"Ghalani? Omari, una mgeni hutuambii?"

"Mgeni," akasema Mzee Omari, polepole.

Bibi Mize alikuwa amesogeza shingo, anakitazama kioo kwa makini. Na kwa kuwa hata sauti yake mwenyewe haisikii vizuri, husema kwa sauti ya kumfikia mtu wa ng'ambo.

"Kitanda changu hicho. Nlimpa Omari alipohamia ghalani. Raya, si alisema ni mpaka mtakapokubaliana juu ya mtoto?"

Nimeshuhudia mengi ya aibu, lakini sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakizuia pumzi kwa pamoja. Mtu aliyeliambia baraza zima kuwa yeye na mkewe ni kitu kimoja, sasa kila mtu anajua kitu hicho kimoja kinalala vyumba viwili.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kumbe kilikuwa cha kuanza upya. Kioo kikafutika, watu wakashusha pumzi, na nyumba ikaanza tena kujichora, taratibu vile vile, ukuta wa nyuma, kuta za vyumba, na safari hii darasa zima lilijua kinachokuja na lilikuwa linakisubiri. Nikasimama mbele ya kioo nikatandaza buibui langu kama kuku mwenye vifaranga.

"Mwalimu, tupishe," akasema Mzee Faki. "Hatujaona mito."

Zuwena ndiye aliyechomoa waya ukutani. Mzee Omari akainuka, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, si mkewe, si mama yake, si mimi.

Kesho yake mwalimu mkuu aliniita, akanipa njia ya kutokea. "Sema mashine imeharibika," akanishauri, kwa huruma kabisa. "Nani atakupinga?"

Nikakataa. Mashine ikiwa mbovu, kwa nini mtu ampeleke mwanawe ng'ambo ya bahari kwenda kuisomea? Nikaiweka aibu kando nikarudi kwenye kitabu. Kulikuwa na njia ya kukumbuka umbali wa kila nukta moja moja, lakini kompyuta yetu haina kumbukumbu ya kutosha, basi nikaamua kukata: ule ukuta mrefu nikaugawa vipande vifupi, kila kipande na katikati yake. Nikaigeuza nyumba pande zote, barabarani, kisimani, msikitini. Kitanda kikabaki ndani. Nikajifunga mtandio nikaenda kwa Mzee Omari.

Nilimkuta barazani anasuka kamba. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniachia nafasi ya kukaa. Nikamweleza yote: kwamba mashine haikukosea, kwamba kosa ni langu, mara mbili, la kupima bila kuuliza na la hesabu.

"Umekitoa?" akauliza.

"Hakionekani tena, Mzee, hata ukitazama kutoka barabarani."

"Sikuuliza kama kinaonekana. Nauliza umekitoa?"

"Bado kimo. Kimefichwa tu."

"Kitoe."

Nikarudi shule kwa miguu, jua la mchana, nikafuta namba za kitanda moja moja, na nilipomaliza nikafuta na samadari, na kabati, na magunia, nikaacha kuta na vyumba. Na pale nikajiwekea sharti ambalo naliandika hapa mnishuhudie: chombo cha ndani ya nyumba ya mtu sitakipima tena mpaka mwenyewe aseme pima, hata kama najua kuna ukuta mbele yake. Kuta zangu si za kuaminiwa.

Leo asubuhi, kabla ya kengele, Mzee Omari amekuja mwenyewe shuleni. Ameegesha baiskeli, ameingia, amekaa kwenye kiti cha Zuwena. Akataka nyumba. Nikaichora kutoka barabarani, akatazama ule ukuta mpaka paa likaisha, hakikutokea kitu.

"Na chumba cha Zuwena?"

"Kipo nyuma ya hapa." Nikamwonyesha kwa kidole. "Kuta mbili zimekizuia."

"Humo hamna kitu?"

"Hamna. Ni chumba kitupu."

Nje watoto walikuwa wanafagia uwanja.

"Hicho usikifute," akasema, akainuka, akachukua baiskeli yake.

Zuwena anashikilia kuwa baba amekubali, anataka chumba kibaki akiwa hayupo. Bi Raya anasema amekataa, chumba kina mwenyewe. Bibi Mize ameulizwa kama kitanda chake kimerudi, akajibu kwamba hajakidai. Meli ya Unguja inaondoka bandari ya Mkoani Jumamosi, leo ni Alhamisi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza Mzee Omari alikuwa na maana gani.