Mkono Uliofunikwa Garbasaar

Nakumbuka siku ile binti yangu Hamdi amelala kwenye chumba cha wagonjwa mahututi hapa Garissa, na mtoto aliyemzaa juzi tu nimempakata mimi. Ugonjwa wa uzazi ulikuwa umeingia kwenye damu, presha ikaanguka. Mwanangu, wewe unayesomea uuguzi, weka hiyo simu chini unisikilize.

Walimwekea dawa ya kushikilia presha. Ilipita kwenye mpira mpaka mshipa mdogo wa mkono wa kushoto. Muuguzi, kijana kutoka Meru, akasema, "Mama, huu mkono uachwe wazi." Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwa nini uachwe wazi, hakusema.

Wakaja jamaa za mumewe kutoka Habaswein kumjulia hali, wanaume wakitangulia. Shangazi wa mumewe akatoa garbasaar, mtandio mpana, kwenye mfuko, akamfunika Hamdi mpaka vidoleni.

"Muuguzi amekataza," nikamwambia.

"Huyo hana dada? Wanaume wote hawa waone mkono ya mwanamke?"

Alikuwa anamsitiri. Mimi simlaumu, wallahi.

Dua ikaombwa, ndefu. Mashine ikaanza kulia. Muuguzi akaja mbio, akaongeza dawa. Presha ikazidi kushuka. Akaongeza tena. Ndipo akaifunua garbasaar. Mkono ulikuwa umevimba, umepauka kama jivu, baridi. Dawa yote ilikuwa inamwagikia nyama, kwenye damu haifiki. Akatafuta mshipa mwingine, akatafuta. Alipoupata, Hamdi alikuwa amekwenda.

Sasa sikia. Dawa hiyo ikitoka nje ya mshipa inaua nyama, na mgonjwa anabaki bila kitu. Usiniambie "uachwe wazi" ukaenda zako. Niambie sababu, kwa lugha ninayoijua. Wanaume watoe nje, vuta pazia, ufunue mwenyewe, uguse ngozi, urudi uguse tena. Presha ikishuka, kabla ya kuongeza dawa angalia kwanza pale inapoingia. Nikikasirika, niache nikasirike.

Huyu mtoto wa Hamdi namwogesha kila asubuhi. Mkono wake wa kushoto naushika, kuuachia nashindwa. Dua zangu zimebaki chache, lakini hii chukua: Allah akupe macho ya kuona chini ya nguo, akupe ulimi wa kueleza, na mama yeyote asikukumbuke kama ninavyomkumbuka yule kijana. Amin.