Ngazi ya Magoti ya Mama

Kila Julai nahodha mmoja alifunga mashua yake ya tanga gatini kwetu, Labrador, pwani ya Kanada, akielekea kaskazini. Ukimwuliza neno, kwanza atakigonga kwa ukucha kipimahewa chake cha shaba, cha kubashiria upepo na dhoruba, ndipo akujibu. Mama alimwomba kila mwaka amfikishe kisiwani alikozaliwa, ambako serikali ilikuwa imewaondoa watu wote na kuwahamishia kwingine.

"Mwakani, bibi. Upepo mzuri kama huu siwezi kuuacha."

"Si uuoe tu huo upepo wako!" Mama alimcheka, huku akimpa mkate wa moto.

Juzi nahodha alikuja na ngazi fupi ya kumpandishia Mama mashuani, kaichonga mwenyewe, vidato vipana kwa ajili ya magoti ya Mama yaliyokuwa yakimuuma. Nikamwambia tulimzika Mama mwezi wa Mei. Akageuka, akakigonga kipimahewa, ingawa sikuwa nimemwuliza kitu.