Lenzi Mbili na Mama Mkwe

Ningekuwa na lenzi ya kuvuta siku ile, haya yote yasingetokea. Lakini nilikuwa nimeibadilisha wiki mbili nyuma, kwa hiari yangu, kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyehamishiwa Bariadi kutoka mkoa wa mbali. Kila akitoka kazini alikuja kukaa kwenye studio yangu ya Somanda. Hakuwa anaishi kwa picha, alizipenda tu, na watu wa namna hiyo ndio wenye maneno mengi.

"Zoom ni ya wavivu," alinifundisha. "Chukua hamsini, ile isiyovuta. Sura inatoka safi. Ukitaka kumleta mtu karibu, si una miguu?"

Akili za kuambiwa changanya na zako, wanasema. Mimi sikuchanganya. Nilienda Lamadi, nikampa mpiga picha mmoja wa huko lenzi yangu ya kuvuta, akanipa hamsini yake, nikarudi nimeipakata kama yai.

Wakati huo huo mama mkwe wangu, anayeishi kijijini upande wa Dutwa, alikuwa na ombi. Baba mkwe alipofariki, picha pekee iliyopatikana ilikuwa ya kadi ya kupigia kura. Ikakuzwa hadi mzee akafanana na mtuhumiwa, na ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza. Mama aliapa kwamba yeye hatazikwa hivyo. Alitaka picha ya maana, kubwa, apigwe angali mzima, na nimpige mimi. Kama sivyo, mkwe mpiga picha ana faida gani?

Tulienda na mke wangu Jumapili asubuhi. Mama alitoka na kitenge kipya, akaketi mbele ya nyumba kando ya rundo la pamba. Nikainamisha macho, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akaitikia. Nikainua kamera. Nikapiga hatua ya kwanza, nikapiga ya pili. Ya tatu haikuwepo.

Kwetu mwanaume hamsogelei mama mkwe. Ukikutana naye njiani unachepuka. Mnakula mbalimbali, na usoni humkazii macho. Hayo niliyajua tangu utoto. Siku nilipokuwa Lamadi nikibadilishana lenzi, sijui nilikuwa nimeyaweka wapi.

Pale nilipokwama, penye zizi la ng'ombe, mama alionekana mdogo kama kidole gumba. Pamba ilikuwa kubwa. Kuku walikuwa wakubwa. Hata baiskeli ya shemeji, iliyoegemezwa ukutani, ilimzidi. Nikabonyeza hivyo hivyo.

"Si usogee kidogo?" mke wangu akasema.

"Nisogee wapi?"

"Basi lete nipige mimi."

Akapiga kumi na mbili. Ya kwanza haikuwa na kichwa, zilizobaki zote zilikuwa na ukungu. "Kamera yako mbovu," akanirudishia. Nilitamani yule mwalimu angekuwepo nimuulize kuhusu miguu.

Studio nilijaribu kuikata ile picha yangu ili abaki mama peke yake, sura ikavunjika punjepunje. Nikaichapa ilivyo, nikamtumia kwa aibu, nikaahidi nyingine. Nikarudi Lamadi. Yule bwana alinicheka hadi akakaa chini, kisha akanirudishia lenzi yangu.

Jumapili iliyofuata nilisimama palepale zizini, nikavuta. Uso wake ukajaa kwenye kamera, na juu ya nyusi nikaona kovu dogo. Nilikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa na sikuwahi kuliona. Nilijisikia vibaya, kama mtu aliyechungulia, lakini nikabonyeza.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaikuza, nikaitia fremu, nikaipeleka mwenyewe. Mama aliitazama, halafu akailaza kifudifudi kwenye mkeka. Akazungumza na binti yake, kama kawaida, ingawa nilikuwa nimekaa nje ya mlango nasikia kila neno.

"Muulize mumeo, wageni wakiiona hii, watasema alikuwa amesimama wapi?"

"Mama, alisimama zizini. Ni lenzi ndiyo inavuta."

"Na wewe utakaa hapa umweleze kila mgeni?"

Ukutani ile ya kwanza ilikuwa imeshatundikwa. Kuku, baiskeli, rundo la pamba, na yeye kidole gumba. Picha ya mtu mwenye mkwe mwenye adabu, alisema. Nilitaka kulia kwa hasira. Safari mbili za Lamadi, fremu nzima, na kuku ndio wameshinda!

"Lakini hiyo ya karibu msiitupe," akaendelea. "Mwambie akaitunze kwake. Aitoe siku ya jeneza. Siku hiyo hata yeye atasogea."

Iko kabatini studio, imefungwa kwenye kitenge. Mwalimu ameshaomba mara mbili nimwonyeshe. Nimemwambia asubiri siku hiyo, na namwomba Mungu asubiri sana.