Mti wa Koko Uliolala Kiangazi

Juzi nilipita mtaa wa Muhumba kwa miguu, na juu ya ukuta wa nyumba fulani nikaona frangipani imechanua: maua meupe, njano kidogo ndani, na ile harufu tamu. Miguu ikagoma kuendelea. Rafiki yangu, we acha tu.

Bibi yangu, tuliyemwita koko, alihamia kwetu Bukavu baada ya babu kufariki na shamba lao la Mudaka kuuzwa. Alikuja na kikapu cha maharagwe na kijiti kilichofungwa kwa jani la mgomba, alichokata kwenye frangipani aliyoipanda babu mlangoni pao. Akakilaza nyuma ya jiko wiki mbili, utomvu ukauke, ndipo akakipanda uani. Jirani akamcheka eti analima kuni. Koko akajibu, mvumilivu hula mbivu, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga.

Mwaka wa pili mti ukachanua. Jioni harufu yake ilichanganyika na ya sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na kila Oktoba koko alibeba maua kwenye rozari ya Shirika, jumuiya yetu ndogo ya Wakristo wa mtaani, akijivuna waziwazi. "Hii maua iko ya muzee wangu," alisema.

Kisha kiangazi kimoja akaitwa Mudaka kwenye msiba. Majani yalikuwa yamepukutika yote. Aliniachia neno moja: "Usiimwangiye mayi. Iko nalala tu."

Nilikuwa na miaka tisa, na mti ule uchi ulinitisha. Nilijiambia ukifa, koko atalia mpaka naye amfuate babu. Basi kila jioni nilibakiza nusu ya maji yangu ya kuoga, nikaumwagia kwa siri. Aliporudi, shina lilikuwa limeoza, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Akagusa udongo, akatazama mbingu.

"Kumbe mvua ilinyesha hapa tu?"

"Sijuwe, koko."

Hakuuliza tena. Oktoba ile alienda kwenye rozari mikono mitupu, akaketi nyuma.

Leo pale Mudaka kuna nyumba ya matofali, na frangipani ya babu ilikatwa zamani. Ua wetu nao umejaa vyumba vya kupangisha. Koko tulimzika mwaka niliomaliza masomo. Miaka yote ile tulilala kitanda kimoja, na mara nyingi maneno yalinifika mdomoni nikayameza: koko, ni miye, nilifikiri iko nakufa.