Kitalu Kilichoota Pembeni Tu

Mpunga ukishabeba mimba, pampu ya dawa haiingii jarubani. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini katika bonde la Mabwepande hakuna mkulima asiyeijua.

Saa kumi na mbili asubuhi, Tusajigwe, mpuliza dawa za magugu anayeishi Wazo, amesimama mbele ya kitalu cha Bi Farida. Leo mgongoni hana pampu. Mbele yake limelala tope tupu, laini kama sakafu iliyopigwa niru, likizungukwa na mstari mwembamba wa miche ya kijani. Ni kama fremu ya picha iliyoondolewa mtu wake. Ndege wanaopekua vitalu vya jirani, hapa hawatui.

"Umeona?" anauliza Bi Farida kwa sauti ya chini. "Kila nikija, naona shamba langu la msimu uliopita limelala hapa."

Katika shamba hilo, Tusajigwe alipuliza dawa inayoua magugu na kuuacha mpunga. Kabla ya kupuliza alichana shina moja, kama ilivyo desturi, atazame iwapo suke limeanza kujiunda ndani. Hakuliona. Lakini shina lile alilichuma ukingoni, kwenye miche iliyopandwa baadaye kuziba mapengo. Katikati, mpunga ulikwisha kubeba mimba, na dawa ikaua uhai wa mbegu ndani ya punje.

Mavuno hayakutoa onyo lolote. Punje zilijaa, na wali ulinukia nyumba nzima.

"Tumeula, tumeusifu," anasema Bi Farida. "Kumbe tulikuwa tunapakua maiti iliyopambwa."

Mpunga wa ukingoni ulichelewa kuiva, ukahifadhiwa katika kiroba chake. Siku ya kusia mbegu, ulimwagwa mwisho, kuzunguka kitalu. Ndio pekee ulioota.

Tusajigwe anachimbua punje moja ya katikati na kuibonyeza. Unatoka uji mweupe.

"Huu ni mkono wangu," anasema.

"Ungekana tu, Mnyakyusa wewe. Mie ningewasingizia majini wa bondeni."

"Majini hawabebi pampu, dada."

Mvua zimekwisha kuanza, na wakati wa kusia upya umepita. Bila miche, Bi Farida hatapanda msimu huu. Adhabu nayo inajulikana: aliyeharibu mbegu ya mwenziwe hutoa miche yake. Miche ya Tusajigwe ilikuwa ya jaruba alilokodi kulishia watoto wake watatu.

Hata hivyo anainama katika kitalu chake, anang'oa, anafunga matita, anajitwika. Anakwenda na kurudi mpaka kitalu kinabaki tope.

Bi Farida anapokea tita la mwisho. "Basi, mdogo wangu. Hatudaiani. Magugu yakichipua, uje na pampu yako."

"Nitakuja mapema. Na shina nitalichana katikati, hata nikizama magotini."

Anapita kando ya jaruba lake akirudi nyumbani. Maji yamejaa hadi ukingoni, yametulia, na ndani yake hakuna kilichosimama.