Pete Ilivyopima Macho ya Mwanasesere

Nikiwasimulia hili mnicheke taratibu, maana mpaka leo nikienda mtaa wa Carama natembea nimejifunika kitenge hadi puani. Mimi ni fundi wa wanasesere, mtaani kwangu Nyakabiga wananijua kama Mama Shukuru wa mabebe, na majigambo yangu yote yalikuwa kwenye macho: kushona mwili kila mtu anaweza, lakini kuangalia uso ukajua huu unataka jicho la milimita kumi na mbili na ule kumi na nane, nilikuwa nasema hicho ni kipaji (nilikuwa nasema mimi, wengine sikuwasikia).

Basi mama mmoja wa Carama, Mama Kaneza, akaniagiza mwanasesere mkubwa wa kubebwa mgongoni, zawadi ya binti yake siku ya komunyo ya kwanza. Kaneza ana miaka tisa, na haoni tangu azaliwe. Asubuhi ya sherehe yenyewe ndipo naweka macho (najua, msiniambie). Haya macho ya plastiki yana mguu unaopenya kitambaa, kwa nyuma unabanwa na kifungo, na ukishabana, jicho halitoki mpaka upasue kichwa. Nikabana la kushoto, kumi na nane, jeusi, zuri. Kutafuta pacha wake kwenye kopo langu la macho, hakuna. Nikamwaga kopo zima kitandani, nikachambua, saa zinakwenda, nikashika moja la kumi na sita, nikaliinua kwenye mwanga, nikajiambia maneno ninayoyaonea aibu hata leo: "Si mtoto mwenyewe haoni? Hatajua." Nikalibana.

Ningenyamaza ingekuwa nafuu. Lakini sherehe zetu mnazijua, zawadi haitolewi bila hotuba, na mimi nikishapewa kipaza sauti kukirudisha ni kazi. Nikasimama mbele ya ndugu na majirani, brosheti za nyama zinanukia, nikatangaza kwamba macho haya nimeyapima mwenyewe, yako sawasawa, na yatamtazama Kaneza maisha yake yote. Makofi! Nikamkabidhi mtoto zawadi yake.

Kaneza hakumkumbatia. Alimpitishia vidole gumba usoni, vyote viwili kwa pamoja, polepole, akarudia tena, na mimi kipaza sauti nimekishikilia karibu na mdomo wake nikisubiri asante.

"Tantine, hii jicho ni kubwa, hii ingine ni kadogo. Haniangalie mimi. Anaangalia kule kwenye mafanta."

Watu wakacheka. Hapo ningekiri, jamani, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema nini? "Apana mwanangu, iko sawa, ni vidole vyako tu vimechoka." Nikamsingizia mtoto, siku ya komunyo yake, kwa kipaza sauti.

Kidevu kikamtetemeka, nikadhani yameisha. Kumbe anafikiria. "Mama, nipe pete yako." Mama yake akaivua. Kaneza akaiweka kwenye jicho la kulia, ikazama mpaka kwenye kitambaa. Akaihamishia la kushoto, ikakaa juu, ikagoma kushuka.

"Tantine, vidole vyangu vimechoka?"

Hakucheka mtu. Bibi yake, aliyekaa mstari wa mbele, akatikisa kichwa: "Eh, Mama Shukuru! Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwako haikufika hata mulangoni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapiga magoti nikamwomba Kaneza msamaha, na katika kuinama mkoba ukaangusha lile kopo, nililokuwa nimelisomba asubuhi kwa haraka. Akageuza sikio. "Ni macho ile? Leteni."

Wakammwagia macho yote kwenye sinia, mapajani kwake. Sasa hapa sijui niwaeleze vipi. Yule mtoto aliokota jicho, akalizungusha mara moja kati ya vidole viwili, akaliweka, akaokota lingine, na kila alipoweka, pacha wake alikuwa anamsubiri pale pale. Sherehe nzima tukasogea tukamzunguka, wenye chupa mkononi wakasahau kunywa. Macho niliyoyafunga kwa uzi mwaka mzima nikiamini ni jozi, akayatenganisha: "Hizi si ndugu." Mwisho akainua moja: "Huyu ndio ndugu ya ile kubwa." Nikalitambua kwa mkwaruzo wake. Asubuhi nilikuwa nimelishika mara tatu na kulitupa pembeni, mimi mwenye macho mawili mazima, na miwani juu yake. Machozi yakanitoka bila kuniaga.

Nikarudi na mwanasesere nyumbani, nikapasua kichwa, nikabana lile jicho pacha, nikashona upya, na Jumatatu nikampeleka Carama bila hotuba. Kaneza akapitisha vidole gumba. Akarudia. Nilikuwa nimeshika pumzi kuliko siku nilipofanya mtihani wa taifa.

"Sasa ananiangalia," akasema, akajifunga kitenge, akambeba mgongoni.

Siku hizi nikichagua macho nafumba yangu kwanza. Wapita njia wakiniona kibarazani, kope zimefungwa, vidole vinazunguka, wanadhani nasali, wanapunguza sauti. Siwabishii. Ila nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu, kwamba juu ya mtu yeyote, awe mdogo vipi, sitasema tena "huyu hatajua."